Ada ya lazima ya utangazaji wa umma: nani alipe, na nani apange kiwango

Na Mwandishi Wetu

Mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitoa taarifa mfululizo kuhusu Kimbunga Hidaya kilichokuwa kikisogea kuelekea pwani ya nchi yetu. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa, wavuvi wakatahadharishwa, na Mei 4 kimbunga hicho kikaingia nchi kavu katika Kisiwa cha Mafia na kuanza kupungua nguvu. Taarifa hizo zilisomwa redioni na kwenye runinga, zikarudiwa, kisha zikarudiwa tena. Taarifa ya namna hiyo haina mdhamini. Hakuna kampuni ya sabuni wala ya vinywaji inayogombea kulipia dakika ambazo wananchi wanaambiwa wasiingie baharini, na mvuvi aliyeisikia akiwa Kilindoni hakudaiwa chochote.

Hata hivyo, mtambo uliorusha sauti hiyo una gharama. Unatumia umeme, na umeme ukikatika unatumia mafuta ya jenereta. Unahitaji fundi wa kupanda mnara, msomaji wa habari wa zamu ya usiku na mhariri wa kuhakikisha kwamba kilichosomwa ndicho kilichoandikwa na mamlaka husika. Fedha za kugharamia yote hayo hutoka mahali fulani. Hapa Tanzania, Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) hupata ruzuku ya Serikali kupitia Bajeti inayopitishwa na Bunge, na hujazia kwa mapato yake yenyewe, yakiwemo ya matangazo ya biashara. Katika nchi nyingine utaratibu ni tofauti: sheria humtaka mwananchi alipe ada maalumu, moja kwa moja, kwa ajili ya utangazaji wa umma na si kwa jambo jingine.

Makala haya yanaeleza jinsi ada hiyo inavyofanya kazi, kwa nini baadhi ya nchi zimeiacha na nyingine zimeing'ang'ania. Suala hili lina wakati wake. Uingereza, ambako utaratibu huu umedumu kwa zaidi ya karne moja, inapaswa kuamua mustakabali wake kabla ya Desemba 31, 2027, siku ambayo Hati ya Kifalme inayoliongoza Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC) itafikia ukomo. Uamuzi huo utafanyika London, lakini utamgusa pia msikilizaji wa Kiswahili, kwa sababu zitakazoelezwa.

Ilivyoanza

BBC ilianzishwa Oktoba 1922 ikiwa kampuni ya watengenezaji wa redio. Mwaka huohuo Posta ya Uingereza ilianza kutoa leseni ya kusikiliza redio kwa shilingi 10 za Kiingereza kwa mwaka. Hoja ya wakati ule ilikuwa nyepesi: redio ni chombo, mwenye chombo anajulikana, basi na alipe. Januari 1, 1927 kampuni ile ikawa shirika la umma chini ya Hati ya Kifalme, na ada ikabaki kuwa uti wa mgongo wa mapato yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1946, ikaja leseni ya televisheni kwa pauni 2. Televisheni ya rangi ilipoingia, mwaka 1968, ikawekewa leseni yake ya pauni 10. Leseni ya redio peke yake ilifutwa Februari 1971, na tangu hapo msikilizaji wa redio asiye na televisheni halipi kitu, ingawa redio anayoisikiliza huendeshwa kwa fedha za wenye televisheni.

Makoloni ya Uingereza nayo yaliurithi utaratibu huo, na wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka leseni ya redio kama wanavyoikumbuka leseni ya baiskeli. Kwa upande wetu, Sauti ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 1951 iligeuzwa mwaka 1956 kuwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965 shirika lile lilivunjwa na redio ikawa sehemu ya Serikali kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam. Nchi changa ilikuwa na wasikilizaji wengi ambao redio yao ilikuwa moja kwa kijiji kizima, ikining'inia dukani au kwa balozi wa nyumba kumi. Kuwatoza kwa kichwa cha chombo kungekuwa kumtoza mwenye duka kwa masikio ya kijiji.

Kuanzia Aprili 1, 2025, kaya ya Uingereza ilitozwa pauni 174.50 kwa mwaka. Anayetakiwa kulipa ni yeyote anayetazama televisheni ya moja kwa moja, ya kituo chochote na kwa kifaa chochote, hata simu ya mkononi. Tangu Septemba 2016 sharti hilo linamhusu pia anayetumia huduma ya mtandaoni ya BBC hata kama hatazami kingine. Jambo hili huwashangaza wengi: mtu ambaye hajawahi kufungua BBC, lakini anatazama mpira moja kwa moja kwenye kituo cha binafsi, bado anatakiwa kuwa na leseni. Mapato ya ada hiyo katika mwaka wa fedha 2023/24 yalizidi pauni bilioni 3.6.

Wanaoitetea ada husema fedha hizo ndizo zinazoliwezesha shirika kutangaza bila kusubiri mtangazaji biashara wala kubembeleza Hazina. Hoja hiyo ina uzito, lakini historia ya karibuni inaonesha mipaka yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita katika Idhaa ya Kiswahili.

Safari ya fedha hadi kwa msikilizaji wa Kiswahili

Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza kurusha matangazo Juni 27, 1957. Kwa miongo mingi haikugharamiwa na ada ya leseni. Iligharamiwa, pamoja na idhaa nyingine za dunia, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Oktoba 2010 Serikali ya Uingereza, ikiwa katika kipindi cha kubana matumizi, ilichukua maamuzi mawili kwa mkupuo: kiwango cha ada kisipande, kibaki pauni 145.50 kwa miaka kadhaa. Na kuanzia Aprili 2014 gharama za idhaa za dunia zihamishiwe kwenye ada hiyohiyo. Wakati huohuo ruzuku ya wizara ilipunguzwa, na Januari 2011 ikatangazwa kufungwa kwa idhaa tano na kusitishwa kwa matangazo ya masafa mafupi ya lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo.

Msomaji aliyewahi kushika redio ya mkulima, akazungusha kitufe usiku kutafuta mita bendi, anaelewa maana ya tangazo lile. Uamuzi wa bajeti katika mji ulio mbali ulibadilisha kinachosikika kwenye redio ndogo isiyo na simu janja wala intaneti karibu yake. Baadaye, kuanzia 2016, Serikali ya Uingereza ilirudisha mkono kwa kutoa pauni milioni 289 kwa kipindi cha miaka michache, na lugha mpya za Afrika zikaongezwa: Kiamhari, Kioromo, Kitigrinya, Kiigbo, Kiyoruba na Pijini. Kisha mwaka 2022 ada ikagandishwa tena kwa miaka miwili, mara hii katika pauni 159, wakati bei za vitu zikipanda kwa kasi. Septemba mwaka huo zikatangazwa nafasi 382 za kazi kupunguzwa katika idhaa za dunia. Redio ya Kiarabu ya BBC, iliyoanza mwaka 1938, ikanyamaza Januari 2023.

Tujiulize hapa: kama ada ipo kisheria, na inakusanywa mwaka hadi mwaka, kwa nini idhaa zinafungwa? Jibu ni kwamba Uingereza ililinda chanzo cha fedha bila kulinda mkono unaopanga kiasi. Kiwango cha ada hupangwa na Serikali iliyopo madarakani, baada ya mazungumzo na shirika. Serikali inaweza kukigandisha bila kufuta neno hata moja la sheria. Inaweza pia kulihamishia shirika mzigo ambao awali ulikuwa wake. Ilifanya hivyo kwa idhaa za dunia, na ikafanya tena kwa wazee: tangu mwaka 2000 kaya yenye mtu wa miaka 75 na kuendelea ilipata leseni bure kwa gharama ya Serikali, mwaka 2015 ikaamuliwa gharama hiyo iwe ya BBC, na Agosti 2020 BBC, ikiona haiubebi mzigo huo, ikaacha msamaha kwa wazee wanaopokea posho ya kipato cha chini pekee. Malalamiko ya wazee yakaelekezwa kwa shirika.

Mlango unaogongwa

Upo upande mwingine wa ada ambao hauonekani kwenye hotuba za kuitetea. Kutolipa leseni ya televisheni katika England na Wales ni kosa la jinai, na faini yake inaweza kufikia pauni 1,000. Anayegundua kosa ni mkaguzi anayegonga mlango. Kwa miaka ya karibuni zaidi ya wanawake 70 wamekuwa katika kila watu 100 wanaotiwa hatiani kwa kosa hili. Wanawake hawapendi televisheni zaidi ya wanaume. Wao ndio wanaokutwa nyumbani mchana mlango unapogongwa, na wengi wao wanalea watoto peke yao kwa kipato kidogo. Ada yenyewe haiangalii kipato. Wakili tajiri na mama anayefanya usafi ofisini mwake hulipa kiasi kilekile.

Kwa maoni ya mwandishi, hili ndilo doa kubwa kuliko yote. Huduma inayokusudiwa kumfikia mnyonge zaidi haipaswi kukusanywa kwa njia inayomkamata yeye kwanza.

Ujerumani iliachana na ukaguzi wa aina hiyo mwaka 2013. Badala ya kuhesabu redio na televisheni, sheria yao mpya iliweka mchango mmoja kwa kila makazi, iwe kuna chombo au hakuna, na ikawasamehe wanaopokea misaada ya kijamii. Hakuna tena haja ya kuchungulia dirishani. Wapo waliofungua kesi wakidai kwamba wanatozwa kwa kitu wasichokitumia. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ikaamua Julai 2018 kwamba mchango huo ni halali, kwa kuwa kinacholipiwa ni uwezekano wa kuipata huduma, isipokuwa mtu hawezi kutozwa mara mbili kwa kuwa na nyumba ya pili.

La maana zaidi katika mfano wa Ujerumani ni namna kiwango kinavyopangwa. Mashirika ya utangazaji hupeleka maombi yao kwa tume huru ya wataalamu 16. Tume hukagua, hupunguza inapoona pamezidi, kisha hupendekeza kiasi. Mabunge ya majimbo yote 16 ndiyo yanayoidhinisha, na hayaruhusiwi kukataa kwa sababu tu hayapendi vipindi vinavyorushwa. Mwaka 2020 tume ilipendekeza mchango upande kutoka euro 17.50 hadi 18.36 kwa mwezi, yaani senti 86. Jimbo moja, Sachsen-Anhalt, likagoma, na bila jimbo hilo ongezeko halikuweza kuanza. Mashirika yakaenda mahakamani, na Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ikatoa uamuzi kwamba ongezeko lianze, kwa kuwa jimbo lile halikutoa sababu inayokubalika kisheria. Senti 86 ni kiasi kidogo. Kilichokuwa kikishindaniwa ni iwapo mwanasiasa anaweza kutumia mfuko wa fedha kurekebisha taarifa ya habari, na mahakama ilisema hawezi.

Ugiriki inaonesha kinyume chake. Shirika lake la utangazaji, ERT, lilikuwa na ada ya lazima iliyokatwa kwenye bili ya umeme, tena ikikusanywa vizuri. Juni 11, 2013, katika kipindi cha madeni makubwa ya nchi, Serikali ilitangaza kulifunga, na usiku wa siku hiyohiyo skrini zikawa nyeusi. Zaidi ya wafanyakazi 2,000 walipoteza ajira. Shirika lilirudi hewani kwa jina lake Juni 2015. Wananchi walikuwa wamelipa, lakini malipo yao hayakulinda chochote, kwa sababu hapakuwa na sheria wala chombo kilichosimama kati ya mlipaji na swichi.

Bili ya umeme na somo la LUKU

Wapo wanaopendekeza kwamba nchi zenye shida ya ukusanyaji ziunganishe ada na umeme. Italia ilifanya hivyo mwaka 2016. Kabla ya hapo takribani kaya tatu kati ya kumi zilikuwa hazilipi. Baada ya ada kuingizwa kwenye bili, wakwepaji wakapungua sana, na kwa kuwa walipaji waliongezeka, kiwango kiliweza kushushwa kutoka zaidi ya euro 113 hadi 100, kisha 90 mwaka uliofuata. Ni mfano unaovutia, kwani ni nadra mwananchi kuona ada ikishuka.

Mtanzania anaufahamu mlango huo. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Ukusanyaji ulirahisishwa, foleni zikapungua, lakini swali moja lilijitokeza mara moja na halijaisha katika nyumba za kupanga: kodi ni ya mwenye nyumba, ila anayenunua umeme ni mpangaji. Utaratibu unamtaka mpangaji arejeshewe au apunguziwe katika kodi yake ya pango. Anayeishi chumba kimoja Manzese au Mwanjelwa, akichangia mita na wapangaji wenzake wanne, anajua ugumu wa kufungua mazungumzo hayo. Kadhalika, nyumba isiyo na umeme haina mita, na redio yake inayotumia betri haionekani kwenye kumbukumbu yoyote. Kwa hiyo ada inayopitia mita ingemkuta anayepanga mjini na kumwacha anayemiliki nyumba kadhaa, ilhali msikilizaji wa kijijini, ambaye ndiye hasa mlengwa wa redio ya taifa, asingeonekana wala kwenye hesabu za waliochangia.

Afrika Kusini imejaribu njia ya leseni kwa miaka mingi. Kiwango ni randi 265 kwa mwaka, na hakijabadilika tangu 2013. Zaidi ya asilimia 80 ya wanaotakiwa kulipa hawalipi. Wengine hawana uwezo. Wengine wanao, ila hawaoni sababu. Mwaka 2019 Serikali ililazimika kutoa randi bilioni 3.2 kulinusuru shirika la SABC. Hivyo nchi hiyo ina ada ya lazima kisheria, na bado ina ruzuku ya dharura, pamoja na matangazo ya biashara, yote kwa pamoja. Ghana nayo iliirudisha leseni ya televisheni mwaka 2015, cedi 36 kwa mwaka kwa mwenye televisheni moja, na imekutana na ugumu kama huo. Ada ya lazima isiyolipwa ina madhara mawili: haileti fedha, na humzoesha raia kuona kwamba sheria ni jambo la hiari.

Walioiacha

Ufaransa iliifuta ada yake ya euro 138 mwaka 2022. Sababu moja ilikuwa ya kiutawala tu. Ada ilikuwa ikikusanywa pamoja na kodi ya makazi, na kodi hiyo yenyewe ilikuwa ikifutwa kwa walio wengi. Gari liliondoka, abiria akabaki kituoni. Mahali pake iliwekwa sehemu ya kodi ya ongezeko la thamani. Finland tangu 2013, na Sweden tangu 2019, zimechagua njia nyingine inayostahili kutazamwa kwa makini. Mchango hukatwa pamoja na kodi ya mapato, kwa asilimia ya kipato hadi kufikia ukomo maalumu, na fedha zake hutengwa kwa ajili ya utangazaji wa umma. Asiye na kipato halipi. Hakuna mkaguzi wala leseni, na swali la nani anamiliki chombo gani halipo tena. Uswisi, kwa upande wake, iliwauliza wananchi wenyewe. Machi 4, 2018 walipiga kura kuhusu pendekezo la kufuta ada, na asilimia 71.6 wakalikataa. Ada yao ilikuwa miongoni mwa zilizo juu kabisa Ulaya. Waliipigia kura kwa sababu walielezwa, kwa miezi kadhaa, ni vipindi gani na lugha gani kati ya lugha nne za taifa zingekosa sauti endapo ingefutwa.

Ukweli ni kwamba hoja ya chombo, iliyokuwa nyepesi mwaka 1922, imepitwa na wakati. Simu moja leo ni redio, runinga, gazeti na ukumbi wa mpira. Kumtoza mtu kwa kumiliki kifaa ni kutoza kila mtu kwa kisingizio cha kutoza baadhi. Swali linalobaki ni lile la zamani zaidi: je, jamii inahitaji chombo kinachofanya kazi ambayo soko haliilipii?

Historia yetu inayo majibu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio kuwafundisha wananchi kuhusu maji safi, vyoo na malaria. Vikundi vya kusikiliza viliundwa vijijini, kila kimoja kikiwa na kiongozi wake na kitabu chake, na watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki. Walikaa chini ya mti, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hakuna mdhamini wa biashara ambaye angegharamia kipindi kuhusu kuchimba choo, angalau si kwa mwaka ule.

Hata sasa, tukichunguza vizuri, Mtanzania huchangia utangazaji wa umma bila kupewa risiti yenye jina hilo. Huchangia kwa kodi zinazoingia Mfuko Mkuu wa Hazina na kutoka zikiwa ruzuku. Huchangia pia kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), unaopata sehemu ya mapato yake kutokana na michango ya kampuni za mawasiliano, na ambao umegharamia ujenzi wa vituo vya kuimarisha usikivu wa redio ya TBC katika maeneo yasiyo na mvuto wa kibiashara, ikiwemo wilaya za mipakani ambako kwa muda mrefu redio za nchi jirani zilisikika vizuri zaidi kuliko yetu. Kwa hiyo hoja ya kwamba utangazaji wa umma hapa nchini ni wa bure si sahihi. Ni mchango ambao hauna jina.

Kukosa jina kuna faida na hasara. Faida ni kwamba hakuna mama anayegongewa mlango. Hasara ni kwamba mlipaji hajui analipa kiasi gani, kwa hiyo hana pa kuanzia anapotaka kuuliza kwa nini usikivu wilayani kwake ni hafifu. Ruzuku hupangwa mwaka hadi mwaka, ikishindana na dawa, madawati na barabara, na mtambo wa kurushia matangazo unaohitaji mpango wa miaka kumi husubiri fungu la miezi kumi na miwili. Mwandishi wa makala haya ni mtumishi wa umma na anaandika katika chombo cha Serikali; hatarajii msomaji asahau hilo. Lakini ni ndani ya utumishi huo ndipo mtu huona jinsi fundi wa mitambo anavyotaka kujua mwaka huu atapata nini kabla hajaahidi chochote kwa mwaka ujao.

Endapo siku moja nchi yetu itataka kuujadili utaratibu huu, mwandishi angeshauri mjadala usianzie kwenye kiwango. Shilingi 1,000 kwa mwezi husikika ndogo ikitamkwa ofisini; kwa mwaka ni 12,000, na kwa kaya inayosubiri msimu wa korosho au pamba hiyo ni fedha ya daftari na sare. Mjadala uanzie kwa anayepanga: nani atakagua mahitaji ya shirika hadharani, kwa kipindi cha miaka mingapi, na ripoti yake itasomwa wapi. Mfano wa Finland wa kufuata kipato unaonekana kuwa wa haki kuliko ule wa London, ingawa kwetu wenye kipato kinachokatwa kodi mishaharani ni wachache mno kubeba mzigo huo peke yao. Kutenga sehemu ndogo ya kodi iliyopo, kwa sheria na kwa miaka kadhaa, kungempunguzia mwananchi usumbufu wa tozo mpya na kumpa fundi uhakika anaouhitaji. Hayo ni maoni ya mwandishi, wala si msimamo wa Serikali.

Kwa wasikilizaji wa idhaa za Kiswahili za nje, la kufuatilia kati ya sasa na Desemba 2027 ni kama Uingereza itazirudisha idhaa za dunia kwenye bajeti ya Serikali yao au itaziacha ndani ya ada. Kwa wanaosikiliza Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, ifahamike kwamba shirika hilo halitegemei mchango wa kaya ulioelezwa hapo juu. Linagharamiwa na kodi kupitia bajeti ya Serikali ya Shirikisho ya Ujerumani, hivyo mvutano wa senti 86 haukulihusu.

Na kwa mwananchi wa Tanzania ifahamike wazi kuwa, hadi makala haya yanapochapishwa, hakuna ada ya leseni inayotozwa mtu au kaya kwa kumiliki redio au runinga nyumbani. Malipo ya vifurushi vya ving'amuzi ni makubaliano kati ya mteja na kampuni husika. Mirabaha inayotozwa baa, hoteli na mabasi kwa kupiga kazi za wasanii hadharani inatokana na sheria ya hakimiliki na haihusiani na suala hili. Mtu yeyote atakayefika nyumbani kwako akidai ada ya runinga, mtake aoneshe kitambulisho, aitaje sheria inayomruhusu na akupe namba ya malipo ya Serikali. Akishindwa, usimlipe, na toa taarifa kwa ofisi ya Serikali ya mtaa au kijiji.